Bibi Shamba na Chokaa ya Mifupa

Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja siku mgongo wangu uliposhindwa na shimo la barabarani ambalo hata mbuzi asingejisumbua kulikwepa. Lilikuwa Kihurio, karibu na daraja dogo la mfereji mkuu wa mashamba ya mpunga. Nilikuwa juu ya pikipiki ya kazini, natoka kukagua vitalu vya miche, mwendo wa taratibu. Gurudumu la mbele likazama kiasi cha kiganja, likatoka. Hapo hapo nikasikia kitu kimebonyea katikati ya mgongo, kama kopo tupu linapokanyagwa, kisha maumivu yakanizunguka mbavu mpaka kifuani. Nikasimamisha pikipiki, nikashuka huku nimeng'ang'ania usukani, nikaketi kwenye ukingo wa mfereji, miguu ikiwa ndani ya maji na viatu vyake. Sikulia. Pumzi ndiyo iliyokuwa inagoma.

Wanawake watatu waliokuwa wanapalilia waliacha kazi wakaja.

"Bibi Shamba, umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimeketi."

"Wewe hukaagi chini," akasema mkubwa wao. "Siku zote unatufundisha umesimama. Leo kuna jambo."

Jambo lilikuwepo. Walinilaza juu ya magunia ya mpunga kwenye gari lililokuwa linakwenda Same, na yule mkubwa akapanda nyuma pamoja nami, akanishika bega njia nzima, kupitia Ndungu na Maore na Kisiwani. Kila tuta nililihesabu kwa meno. Naye hakusema neno la kunifariji hata moja, na hilo lilinifaa kuliko faraja.

Lazima nieleze mimi ni mtu wa namna gani, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Nimezaliwa Shighatini, juu Ugweno, kwenye nyumba ya wakulima. Nilisomea kilimo, nikawa afisa ugani, na kwa zaidi ya robo karne nimezunguka tambarare za Same nikiwaambia watu kwa nini mahindi yao yana rangi ya njano na kwa nini mpunga haujazi. Naujua udongo. Nikishika bonge mkononi nikalivunja, naweza kukwambia limekosa nini kabla ya kupima. Watu wamezoea kuniamini, nami nimezoea kuaminiwa. Huo ndio ugonjwa wangu wa kwanza. Wa pili ni baridi yabisi.

Baridi yabisi ilianzia kwenye vidole, miaka mitatu kabla ya lile shimo. Asubuhi nikiamka mikono imekakamaa, siwezi kufunga kifungo, siwezi kubana klachi ya pikipiki mpaka jua lipande. Kisha magoti, kisha vifundo vya miguu. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ananifunga kamba za viatu kila siku kabla hajaenda kazini, naye hakuwahi kunifanya nione aibu. Tulikwenda Moshi, kwa daktari wa viungo. Akasema ni kinga ya mwili wangu inayonishambulia mwenyewe. Akanipa dawa mbili. Moja ya kumeza mara moja kwa wiki, inayochukua miezi kabla hujaona faida yake, nayo ilinitia kichefuchefu. Nyingine ni vidonge vidogo vyeupe vya steroidi, vya kila asubuhi, vya kunisogeza mbele wakati ile ya kwanza inajipanga. Aliniambia nirudi baada ya miezi mitatu ili aanze kuvipunguza vile vyeupe.

Sikurudi. Ukitaka kujua kwa nini, fikiria mtu aliyefungwa kamba za viatu na mumewe mwaka mzima, kisha siku ya nne ya vidonge anaamka, anakunja ngumi, na ngumi inakunjika. Niliimba siku ile. Nilifua mashuka yote ya nyumba kwa mikono. Wiki hiyo hiyo nilipanda kwa mama Shighatini, nikatembea mteremko mzima wa shamba la kahawa na migomba, nikarudi juu bila kupumzika. Dawa ya wiki, ile ya kichefuchefu, nikaiacha kimya kimya. Vile vyeupe nikaendelea kuvinunua duka la dawa kwa karatasi ya zamani, na karatasi ilipochakaa nikaendelea kwa jina langu tu, kwa sababu muuzaji alikuwa ananifahamu. Miezi kumi na minne.

Mwili ulinipa taarifa, sikuzisoma. Uso ulijaa ukawa wa duara. Watu wakanisifu, "Bibi Shamba umenawiri, maisha yamekunyookea." Ngozi ya mikono ikawa laini kama karatasi ya sigara; nikigusa mlango wa bati napata alama ya zambarau. Miguu ikaanza kukaza misuli. Nikichuchumaa kuangalia mzizi wa mpunga, nashindwa kuinuka bila kushika kitu. Nilijiambia ni umri. Mkulima angeniletea jani lenye dalili tano namna ile, ningemwuliza siku hiyo hiyo ameweka nini shambani.

Hospitalini Same walinipiga eksirei, wakachukua damu. Daktari aliyenipokea alikuwa msichana wa rika la binti yangu wa kwanza. Aliniamkia kwanza, "Shikamoo mama," nikaitikia marahaba nikiwa nimelala chali, halafu akasogeza kiti karibu na kitanda na kuinua ile picha kuelekea dirishani.

"Pingili hii ya uti wa mgongo imebonyea upande wa mbele," akasema, akionyesha kwa kalamu. "Ona za jirani zake ni mraba. Hii ni kama kabari. Mama, shimo peke yake halifanyi hivi. Unameza dawa gani?"

Nikamwambia. Nikataja na miezi. Mume wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Niliona amefumba macho, kwa kuwa habari ya kutorudi Moshi alikuwa haijui.

Daktari hakunigombeza. Aliuliza kazi yangu, nikamwambia, akatabasamu kidogo kama mtu aliyepata ufunguo.

"Basi nitakueleza haraka, utanielewa kuliko wengine. Mfupa haujatulia, mama. Kila siku unavunwa na kila siku unajengwa upya. Dawa hii ukiimeza muda mrefu, wajenzi wanasinzia na wavunaji wanaendelea. Halafu utumbo unachukua kalsiamu kidogo kwenye chakula, na figo zinaitupa nyingi kwenye mkojo. Damu haikubali kukosa kalsiamu, maana moyo na misuli vinaihitaji. Inakwenda kukopa kwenye mifupa."

"Mvuno bila mbolea," nikasema.

"Mvuno bila mbolea, miezi kumi na minne. Na si kalsiamu peke yake. Dawa inashika chumvi mwilini, ndiyo maana umejaa maji usoni na miguuni, na inatupa potasiamu. Yako imeshuka. Yale mapaja yasiyoinuka na misuli inayokaza, sababu mojawapo ni hiyo."

Potasiamu niliifundisha kwa miaka ishirini na mitano. Mmea ukiikosa, kingo za jani huungua na shina hulala upepo mdogo ukija. Na mimi nililala kwa shimo dogo.

"Basi naviacha leo," nikasema. "Hata hivyo viwili vilivyobaki nyumbani nitavitupa."

Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. Akaweka kalamu chini.

"Hapana. Sikiliza vizuri, na mwalimu asikie. Juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza homoni kama hii ya vidonge. Wewe umeziletea kutoka nje mwaka na zaidi, zimelala. Ukiacha ghafla, hakuna wa kuitengeneza. Presha inaanguka, unatapika, unaweza kufa. Tutapunguza kidogo kidogo, kwa miezi, na zile tezi zitaamka zenyewe. Huku tunarudisha ile dawa yako ya wiki, na ndiyo itakayokushikia viungo."

Nilikaa wodini siku nne. Wakanipa dawa ya potasiamu wakiipima damu mara kwa mara, kwa kuwa nayo ikizidi, moyo unaweza kuvuruga mapigo. Niliruhusiwa nikiwa na mkanda wa mgongo na mfuko wa dawa: kalsiamu iliyochanganywa na vitamini D, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni pamoja na chakula, na kidonge cha mifupa cha mara moja kwa wiki, chenye masharti kuliko mwali. Unakimeza asubuhi kabla ya kula chochote, na glasi nzima ya maji matupu, kisha hulali wala huinami kwa nusu saa, kwa sababu kikikwama njiani kinachoma koo. Wala hukichanganyi na maziwa au kalsiamu, vitakishika na hakitafika mwilini. Kila Jumapili mume wangu aliketi nami uani kwa nusu saa hiyo, wima kama watu wanaosubiri picha, akinisomea madaftari ya wanafunzi wake yenye majibu ya ajabu.

Kuhusu vitamini D tulibishana kidogo, daktari na mimi.

"Kipimo chake hapa hatuna," alisema, "lakini nakisia iko chini."

"Daktari, hii ni Same. Jua la hapa linakausha nguo kabla hujamaliza kuanika."

"Unaendesha pikipiki umevaaje?"

Nikafikiria. Kofia ngumu, koti, glavu, suruali ndefu, kitambaa shingoni hadi puani kwa ajili ya vumbi. Kwa miaka mingi nilikuwa napita chini ya jua hilo nimefungashwa kama mzigo wa posta.

"Dakika chache kwa siku, mikono wazi," akasema. "Bila vitamini D, kalsiamu unayomeza inapita tu."

Ningeishia hapo na kutii, ingekuwa hadithi fupi. Lakini nilirudi nyumbani na kichwa changu kile kile. Nilikuwa na likizo ya ugonjwa, sina shamba la kukagua, basi nikajikagua mwenyewe. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: ikiwa mwili umepoteza kalsiamu miezi kumi na minne, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni ni kipimo cha watu waoga. Nikaongeza, viwili na viwili. Nikaagiza maziwa kwa mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa anapita na madumu mtaani kwetu, nikawa nakunywa asubuhi, mchana na jioni. Halafu nikakumbuka jambo ambalo nimewafundisha wafuga kuku mamia: maganda ya mayai. Unayachemsha, unayaanika, unayasaga, unawapa kuku wanaotaga ili ganda lisiwe laini. Nilikusanya maganda kutoka kwa muuza chipsi wa jirani, nikayasaga kwenye kinu, nikayachekecha kwa chujio la chai, nikawa naweka kijiko kwenye uji wangu kila asubuhi. Niliona nimemzidi daktari akili.

Yapata mwezi mmoja na nusu baadaye nilianza kuwa na kiu isiyokatika. Choo kikafunga siku nne, siku tano. Chakula kikawa hakipiti, kichwa kikawa kizito, nasahau neno nikiwa katikati ya kulisema. Kisha adhuhuri moja, nikiwa nachambua mchele, maumivu yalinishika ubavuni upande wa kulia yakashuka hadi kinenani. Nimezaa watoto wanne. Naweka maumivu yale pamoja na hayo manne.

Mume wangu alipokuwa anatafuta kadi yangu ya kliniki kabatini, akalikuta lile kopo la unga mweupe. Akalileta kitandani.

"Hiki ni nini?"

"Maganda ya mayai."

"Nililiona juzi, nikadhani ni ya kuku."

"Hatuna kuku, mwalimu."

"Ndiyo maana nilishangaa," akasema kwa utulivu, akalitia kopo kwenye mfuko pamoja na kadi, akaenda kutafuta bajaji.

Daktari alilifungua lile kopo, akachota unga kwa ncha ya kidole, akausugua. Damu ilikuwa imeonyesha kalsiamu imepanda kupita kiasi, na altrasaundi ilionyesha kijiwe kwenye njia ya mkojo. Nikatundikiwa maji ya mishipani. Aliponirudia jioni maumivu yalikuwa yamepoa, nami nilikuwa nimejiandaa kusutwa.

"Mama, nina swali la kilimo," akasema. "Mkulima ana udongo wenye tindikali. Umempimia chokaa ya ekari moja. Yeye akamwaga mara tatu yake. Utamwambiaje?"

Nilitazama dari.

"Nitamwambia ameharibu shamba."

"Kwani chokaa si nzuri?"

"Ni nzuri. Ikizidi inayafungia madini mengine. Fosforasi ipo, zinki ipo, mmea hauzioni. Unashinda na njaa chakula kikiwa mezani."

"Na kwako ni vivyo hivyo. Kalsiamu ya ziada haikuingia kwenye mfupa kwa sababu umeipenda. Mfupa unajenga kwa kasi yake, na unajenga kwa mchanganyiko: kalsiamu na fosforasi, vitamini D ya kufungua mlango, protini, na magnesiamu kidogo. Uliyozidisha ilijaa kwenye damu, figo zikashindwa kuitoa, ikageuka jiwe. Nilikupa kipimo. Ukiona hakitoshi, unaniuliza."

"Nimekosa, mwanangu," nikasema. Halikuwa neno nililozoea kulitamka. Lilitoka vizuri.

Jiwe lilitoka lenyewe baada ya siku tatu, dogo kama punje ya mtama, na vidonge vya kalsiamu vikasimamishwa mpaka damu itulie, kisha vikarudishwa kwa kipimo chake. Tangu siku hiyo nimekuwa mgonjwa mtiifu, nami nasema bila unyenyekevu wa uongo kwamba nikiamua kutii, natii kwa ustadi. Nilibandika karatasi jikoni. Dagaa wa bwawa la Nyumba ya Mungu, wanaoliwa na mifupa yao. Glasi mbili za maziwa basi. Ndizi, parachichi na maharage kwa ajili ya potasiamu. Mchicha na mnavu. Maji. Na chumvi kidogo, kwa maana daktari alinieleza kwamba chumvi ikitoka kwenye mkojo huondoka imeishika kalsiamu mkono.

Hiyo chumvi ndiyo iliyonipeleka kwenye ugomvi na mama yangu.

Mama ana zaidi ya miaka themanini, anaishi Shighatini, na mgongo wake umenyooka kuliko wangu. Nilipanda kumwona mgongo ulipopata nafuu, miezi mitano baada ya shimo, kwa gari, nikiwa na mkanda. Alikuwa amenipikia makande, na makande ya mama yangu huwekwa magadi ili maharage yaive haraka na mchuzi uwe mzito. Nimekua kwa chakula hicho. Harufu yake ilinipokea nikiwa bado getini.

"Mama, umeweka magadi?"

"Makande yasiyo na magadi ni mahindi na maharage yaliyogombana," akajibu. "Kaa ule."

Nikamweleza kwamba magadi ni ndugu wa chumvi, kwamba mwili wangu kwa sasa unaishika chumvi na kupoteza madini ya mifupa. Alinisikiliza akiwa ameshika mwiko. Akasema kwa Kigweno kwamba mtoto aliyesoma hulisha kijiji kizima kisha hukataa sahani ya mama yake. Halafu akaingia ndani. Nilibaki na sahani mapajani, nikala vijiko vitatu kwa heshima, nikaiweka chini, na sikujua kama nimfuate.

Nilimfuata. Alikuwa ameketi kitandani, anatazama mikono yake.

"Walikuambia utakufa?" akauliza.

Hapo nikaelewa kwamba hasira haikuwa ya makande. Hakuna aliyekuwa amemweleza chochote. Alisikia tu kwamba nimevunjika mgongo, na ameniona ninashuka kwenye gari kama mtu aliyebeba yai kifuani. Nikakaa karibu naye nikamweleza yote, dawa, kupuuza kwangu, pingili, hata maganda ya mayai. Maganda ya mayai yalimchekesha mpaka akafuta machozi kwa khanga.

"Wewe tangu mdogo ukiambiwa mwaga kikombe unamwaga ndoo," akasema.

Asubuhi yake niliamka nikakuta maharage na mahindi yameloweshwa tangu jana. Alivipika kwa kuni taratibu, bila magadi, akaweka kitunguu na nazi iliyoletwa kutoka bondeni. Vilichukua nusu siku. Tulipokula, akatafuna polepole, akafikiri.

"Hayana ladha yake," akasema, "lakini mgongo ni wako." Na akaniongeza upawa.

Kupunguza vidonge kulichukua karibu mwaka. Sitasema kulikuwa rahisi. Kila tuliposhuka hatua, nilipata wiki mbili za uchovu mzito, kama mtu anayetembea ndani ya tope la mpunga. Katikati ya safari viungo vilivimba tena, mkono wa kushoto ukafunga kabisa, na muuzaji wa duka la dawa, aliyekuwa anapita mbele ya nyumba, akaniuliza kwa wema mtupu kama anitumie vile vyeupe vichache. Niliutazama ule mkono. Nikamjibu kwamba nitamwuliza daktari. Daktari akapandisha ile dawa ya viungo ya wiki na kunipa vidonge vya asidi ya foliki vya kupunguza kichefuchefu, akanibakiza kwenye hatua ile ile ya steroidi kwa mwezi mzima, kisha tukaendelea kushuka. Nilitembea kila asubuhi, kwanza hadi mwisho wa mtaa, baadaye hadi njia panda na kurudi, mikono wazi juani, kwa sababu mfupa usiobebeshwa kitu huona hauna kazi.

Kazini nilirudi kabla ya kumaliza. Pikipiki wakampa kijana mwenzangu, mimi nikapewa nafasi kwenye gari la idara. Kihurio walinipokea kama mtu aliyetoka safari ndefu. Yule mwanamke aliyenishika bega kwenye magunia alinipima kwa macho.

"Umekuwa mfupi," akasema.

Ni kweli. Nimepungua kiasi cha vidole viwili. Gauni zangu zote zimekuwa ndefu. Pingili iliyobonyea haiinuki tena, daktari aliniambia hivyo mapema, nami nimekubali. Kinachotakiwa ni jirani zake wabaki mraba.

Siku hiyo niliwasimulia pia habari ya vidonge vyangu, na baada ya mafunzo mwanamke huyo alinivuta kando, akafungua fundo la khanga. Ndani yake kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe.

"Binti yangu anakunywa hivi," akasema. "Kauziwa na mwenzake, vya kumnenepesha kabla ya harusi. Ni vile vyako?"

Nilivigeuza. Vilikuwa vile vyangu.

"Kaanza lini?"

"Kabla ya mfungo. Miezi minne sasa. Kapendeza, lakini analalamika miguu. Nivitupe mtoni?"

"Usivitupe, wala asiache leo," nikasema. "Mlete Same Jumatano, mimi nitakuwa nje ya hospitali saa mbili. Aje na hivyo alivyobakiza. Na mwambie sitamgombeza."

Alikuja naye. Binti mzuri, uso wa duara, haya nyingi. Niliingia nao kwa daktari, nikakaa pembeni nikafunga mdomo, kazi iliyonigharimu kuliko mnavyofikiri. Aliolewa baadaye mwaka ule, akiwa kwenye kipimo kidogo kinachoshuka, na alicheza harusini kwake mpaka viatu vikakatika.

Mimi kidonge changu cha mwisho cha steroidi nilikimeza Jumanne moja ya kawaida. Wiki kadhaa baadaye daktari alinichukua damu asubuhi mapema kuona kama zile tezi zimeamka. Sampuli ilipelekwa Moshi. Majibu yakaja baada ya siku nane. Aliyasoma amesimama mlangoni, akiwa na wagonjwa wengine wanamsubiri.

"Zinafanya kazi, mama. Potasiamu nzuri, kalsiamu nzuri. Cha mifupa endelea nacho, na ile dawa ya viungo endelea nayo. Tuonane baada ya miezi mitatu."

"Nitarudi," nikasema.

"Najua," akasema, akamwita aliyefuata.

Nilitoka nje. Upepo wa Same ulikuwa umeanza, ule wa mchana unaopeperusha vumbi na mifuko. Mume wangu alikuwa kazini, kwa hiyo nilitembea peke yangu hadi sokoni, nikanunua parachichi mbili na fungu la mchicha. Muuzaji, kijana asiyenifahamu, akataka kunibebea hadi barabarani. Nikamshukuru, nikabeba mwenyewe.